Origin of Species: jalada la kitambaa au la ngozi, lipi la kuamini?

Mpekuzi: Wakuu, nina nakala mbili za On the Origin of Species, kitabu cha Charles Darwin. Moja ina jalada la kitambaa cha kijani, mgongoni maandishi ya dhahabu, ila ukurasa wa jina umenyofoka. Nyingine imejalidiwa kwa ngozi na ukurasa wa jina upo, mwaka 1859. Ipi ina dalili za toleo la kwanza?

Uzi_na_Gundi: Kitambaa cha kijani ndicho alichokitoa nacho mchapishaji, John Murray. Ngozi huwa ni kazi ya mnunuzi: watu walijalidi upya ili vitabu vyao vifanane rafuni. Kwa jalada tupu, ya kijani inaongoza. Shida ni kwamba toleo la pili la 1860 nalo lilivaa kijani.

Rafu_ya_Juu: Acheni rangi kwanza. Ukurasa wa 20, mstari wa 11: toleo la kwanza lina kosa la chapa, "speceies". La pili lilisahihishwa.

Mpekuzi: Nimefungua. Kosa liko kwenye ya ngozi! Ya kijani iko safi.

Uzi_na_Gundi: Hongera mkuu, hiyo ya ngozi ni mojawapo ya nakala 1,250 za mwanzo. Usiitoe ngozi hata kidogo. Kagua mchoro wa kukunja katikati ya ukurasa wa 116 na 117. Ndio mchoro pekee wa kitabu kizima, na hupotea kirahisi. Kurasa 32 za matangazo ya Juni 1859 mwishoni usizitegemee sana, wajalidi wengi walizitupa. Angalia pia pambizo: kisu cha mjalidi hupunguza karatasi.

Nta_Nyeupe: Mimi bado naipenda ile ya kitambaa, kwa sababu inaonyesha kitabu kama kilivyotoka dukani. Lakini humo ndimo mtego ulimo. Jalada halisi huweza kuvuliwa kitabu kimoja likavishwa kingine. Fungua taratibu pale jalada linapoungana na kurasa: karatasi mpya, gundi mbichi, au kurasa zisizoenea vizuri ndani ya jalada, shuku.

Mpekuzi: Ya kijani matangazo yake yameandikwa Januari 1860.

Rafu_ya_Juu: Basi ni toleo la pili, na jalada linakubaliana nalo. Ukurasa wa jina uliopotea ungesema "elfu ya tano", yaani hesabu ya nakala zilizochapishwa hadi hapo.