Mwaka 2008 ulikukuta wapi? Tupeane uzoefu

Jirani wa Kondele, Kisumu
Wapendwa, kijana wangu ameniuliza kwa nini tukiutaja mwaka 2008 mimi na mamake hunyamaza kwanza. Nikaona nianze na ninyi, kila mtu aseme alikuwa wapi.

Mimi Januari, wakati wa zile vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nilikuwa hapa Kondele. Maduka yamefungwa, mafuta hakuna, lakini kilichonitesa zaidi ni kadi za simu. Ya shilingi 50 niliuziwa 100, tena kwa kujuana. Dada yangu ameolewa Naivasha na siku nne nzima hatukuwa tumemsikia. Niliikwangua ile kadi kwa ukucha polepole, nikihofia kufuta hata tarakimu moja. Aliposhika simu hakusema neno. Alilia, nami nikamsikiliza mpaka salio likaisha.

Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu tarehe 30 Desemba, basi tuliishi kwa habari za mdomo, na nyingi zilikuwa za uongo. Tarehe 28 Februari, Rais Kibaki na mpinzani wake Raila walipotia sahihi mkataba wa kugawana madaraka mbele ya mpatanishi Kofi Annan, tulijazana kwa fundi viatu mwenye redio. Aliacha sindano ikining'inia kwenye kiatu cha mtu.

Mama Watatu, Nakuru
Sisi tulikuwa kwenye mahema, uwanja wa maonyesho. Tulitoka upande wa Molo na nguo za mwilini tu. Mengine nitayaacha.

Nitasema la Agosti. Kijana mmoja alikuwa na televisheni ndogo, ameiunganisha na betri ya gari. Jioni hiyo Pamela Jelimo, msichana wa Nandi wa miaka 18, alikimbia mita 800 kule Beijing. Alipowaacha wenzake, mamangu, ambaye nyumba yake ilikuwa imebaki majivu, alisimama akapiga vigelegele. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki! Watu wengine hemani walimtazama mama, kisha nao wakasimama. Sijawahi kumuuliza alichokiwaza.

Mwalimu wa Siaya
Novemba tulikesha. Saa moja asubuhi tarehe 5 ilipotangazwa kwamba Obama ameshinda, mzee wangu alitoka nje bila viatu, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la babake kumwambia. Kibaki akaifanya tarehe 6 kuwa sikukuu. Mpwa wangu alizaliwa wiki hiyo, naye ni Barack, na darasani kwake walikuwa wanne.

Mkimbiaji, Kakamega
Msimsahau Samuel Wanjiru. Alishinda marathoni ya Olimpiki hiyo hiyo ya Beijing kwa saa 2:06:32, kwenye joto lile! Alikimbia kama anayefukuzwa. Mimi nilianza mazoezi kesho yake.

Jirani wa Kondele, Kisumu
Mama Watatu, nimesoma yako mara mbili. Mfikishie mama salamu zangu. Dada yangu bado yuko Naivasha, na kila tarehe 28 Februari hunipigia, hata akiwa hana la kusema.