Watafiti wanaburuta mashine juu ya makaburi ya mawe ila hawachimbi, wanatafuta nini?

Kijana_Kisongo:
Wadau habarini. Mi niko Arusha ila kibarua kimenipeleka njia ya Engaruka, kuna jamaa wa mambo ya kale wanapima malundo ya mawe ambayo wazee wanasema ni makaburi ya watu wa zamani. Nilijua tutapewa sururu, kumbe kazi yangu kuvuta kamba na kusimika vigingi, wao wanatembea mstari kwa mstari na dude kama toroli halafu mwingine anapita na mlingoti, huyo wa mlingoti kabla hajaanza alikataa hata mkanda wangu, simu, funguo, mpaka buti zenye chuma. Shimo hata moja hamna. Kijijini washaanza kusema ni rupia za Mjerumani. Hizo mashine zinaona nini hasa? Na si wachimbe tu wajue?

Mzee_wa_Sanawari:
Rupia hizo dogo, usitoke hapo 😂

UdongoMwekundu:
Achana na mzee hapo juu. Huo mlingoti ni magnetometa, inapima tofauti ndogo sana za sumaku ya ardhini, nanotesla chache tu, wakati sumaku ya dunia yenyewe huku kwetu ni zaidi ya 30,000, sasa mkanda wako ukipita hapo si umeharibu kila kitu. Wanatafuta palipowaka moto sana au shimo lililofukiwa. Shida mawe ya huku ni ya volkano, yana sumaku yake tangu yalipopoa, ukipita juu ya lundo ramani inatoka madoadoa matupu. Mi magnetometa peke yake kwa huku siiamini, ndo maana wameleta na toroli.

Toroli ni rada. Inatuma mawimbi chini, yakigonga bamba la jiwe au uwazi au ukingo wa shimo yanarudi, wao wanapima yamechukua muda gani wanajua kina. Haikuonyeshi mifupa kama eksirei, na udongo wa mfinyanzi ukilowa unameza mawimbi yote kwa hiyo masika usijisumbue. Juu ya mawe pia inarukaruka, lazima waende polepole hivyo mpaka mnachoka.

Ila ikikubali inalipa. Kule Turkana, Kenya, kuna sehemu inaitwa Lothagam North, makaburi ya wafugaji ya miaka kama 5,000 iliyopita, walichimba kipande kidogo tu, rada ikawaonyesha ukubwa wa shimo lenyewe wakakadiria wamezikwa watu wasiopungua 580. Sasa wote hao ungewafukua wa nini?

Dada_Kibosho:
Naongezea hapo kwenye kuchimba. Ukishalifumua lundo hulirudishi lilivyokuwa, basi. Mary Leakey alichimba makaburi ya mawe ndani ya kreta ya Ngorongoro mwaka 1941, enzi hizo ilikuwa sururu kwanza, leo angepima kabla. Halafu Engaruka yalikuwa mashamba ya umwagiliaji, watu walilima pale miaka mamia iliyopita, kwa hiyo malundo mengine ni mawe tu waliyoyatoa shambani wapate pa kulima, kaburi hamna! Chini kukiwa na shimo rada ina nafasi ya kulikuta, kusipokuwa nalo wamejiokolea kazi ya bure. Na mengine yanaweza kuwa ya koo ambazo zipo mpaka leo, hapo wazee waulizwe kwanza kabla hata ya hiyo toroli. Wanaosema rupia waambie kuchimba mambo ya kale bila leseni ni kosa, sheria ipo tangu 1964.

Kijana_Kisongo:
Asanteni sana, nimeelewa. Sasa jana jioni ng'ombe wamepita wameng'oa baadhi ya vigingi, nivirudishe kimya kimya au?

UdongoMwekundu:
Weee usiguse! Ramani yote inasomwa kutokea kwenye hivyo vigingi, ukikisogeza kimoja hata nusu mita watakuja kuchimba pembeni ya kaburi. Waambie asubuhi kabla hawajawasha mashine, wapime upya.

Mzee_wa_Sanawari:
Na ukiona rupia unipigie.