Yadi za mbao, TP moja (kibali cha kusafirishia mbao) mtaizungusha mpaka lini?

Wakuu, heshima kwenu. Huu uzi ni wa hasira, anayetaka maneno laini apite.

Hivi inakuwaje seremala anaingia yadi, anauliza mninga huu umetoka msitu gani, anajibiwa "Tabora hiyo bosi, original"? Tabora ni mkoa mzima! Ukibana zaidi inatolewa TP iliyokunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo, nyuma imejaa mihuri ya vizuizi, unaambiwa "si hii hapa, kila kitu halali". Halali kwa lori lile, siku ile, kwa ujazo ule. Kuhusu ubao ulioushika mkononi karatasi hiyo haisemi kitu, na wauzaji mnalijua hilo.

Hesabu yenyewe unaipiga kwenye kipande cha boksi. Ubao wa inchi 1 kwa 8, futi 12, una meta za ujazo 0.0189, kwa hiyo meta moja ya ujazo ni mbao 53. TP ya meta 10 za ujazo inabeba mbao 530, basi. Zikishauzwa hizo, karatasi imekwisha kazi hata kama bado imebandikwa ukutani. Sasa muulize mwenye yadi ameuza ngapi tangu lori lile lishushe. Daftari hana. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) imeandikwa "mbao mchanganyiko": hakuna jina la mti, hakuna vipimo, hakuna namba ya TP. Hapo ndipo mzigo wa wizi unapotakatishwa. Mbao zinapasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo, zinaingizwa mjini usiku, zinachomekwa kwenye fungu lenye karatasi. Kukicha zote zina baba na mama.

Angalizo kwa mtakaohesabu: pimeni ubao, msiamini jina lake. "Moja kwa nane" ya siku hizi ukiiwekea futi unakuta unene ni inchi 7/8 na upana 7 na nusu. Kwanza umeibiwa asilimia 18 ya mbao uliyolipia. Pili, kwa vipimo hivyo meta 10 zinatoa mbao 646, siyo 530, kwa hiyo ukienda na jina tu unaweza kumtuhumu mtu bure.

Upande wa gogo nako kuna vituko. Gogo la kipenyo cha sentimeta 50, urefu meta 2.5, ni meta za ujazo 0.49. Msumeno mzuri, mpasuaji mzuri, utapata mbao asilimia 40 hivi. Zinazobaki ni vumbi, mabanzi na ile nyeupe ya pembeni. Hiyo asilimia 40 ni mbao kama 15 za 1 kwa 8, futi 8. Mtu anakuja na leseni ya magogo 20 ya saizi hiyo na mbao 600. Yaani 30 kwa kila gogo, asilimia 77! Huo msumeno unauzwa wapi, na sisi tukanunue? Hizo 300 za ziada zina visiki vyake mahali, na visiki hivyo havijagongwa nyundo ya alama ya misitu na mtu yeyote.

Kinachouma ni kwamba huko msituni kazi inawezekana na imeshafanyika. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri) kwa misitu yao ya asili mwaka 2009, kupitia shirika la uhifadhi la MCDI. Lakini mbao ya msitu wenye cheti ikinunuliwa na yadi isiyo na cheti chake cha mnyororo (COC, cha kufuatilia mbao toka msituni mpaka kwa mnunuzi), madai ya FSC yanafia hapo hapo getini. Kwa hiyo anayekuonyesha nembo ya FSC kwenye simu, mwombe ankara yenye namba ya cheti chenye herufi COC na maneno "FSC 100%" au "FSC Mix", kisha tafuta namba hiyo kwenye tovuti ya FSC uone kama cheti bado hai na kama mninga umo kwenye orodha ya anachoruhusiwa kuuza. Nembo peke yake ni stika.

Dawa ya yadi haina gharama ya kutisha. Kila shehena ikishuka, kichwa cha kila ubao kipigwe rangi na tarakimu tatu za mwisho za TP. Daftari liwe na safu nne: namba ya TP, mti, ujazo ulioingia, ujazo uliotoka. Ukifika sifuri, TP inapigwa mstari. Fundi naye asikate kichwa chenye namba kabla ya kuinakili, kisha aiandike chini ya droo au nyuma ya kabati.

NYONGEZA: Naona wengine mnasema wateja hawaulizi. Wa kitanda cha chumbani haulizi, sawa. Anayepeleka nje ataulizwa. Mninga, mkongo na mkangazi viliingizwa Kiambatisho cha Pili cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) kwenye mkutano wa Panama, Novemba 2022. Magogo na mbao zilizopasuliwa hazivuki mpaka bila kibali, na kibali kinataka uthibitisho kwamba mti ulipatikana kihalali. Utathibitisha kwa "mbao mchanganyiko"?

Na aliyesema tuhamie paini: nayo iulizwe mwaka wa kupandwa. Ukiona kiini cha mti katikati ya ubao na pete pana zinazokizunguka, huo ubao ni wa mbao changa za katikati, aghalabu za mti uliokatwa bado mtoto, na mlango wako utapinda kabla vanishi haijazoea.

Mwenye kujua yadi inayotoa risiti yenye jina la mti, vipimo na namba ya TP, aweke hapa chini mkoa na bei ya 1 kwa 8. Wa "original bosi" msijisumbue.