Modeli ya safari ya kaunti imechakaa: tununue programu mpya au tukusanye takwimu?

Mpangaji wa Kaunti

Hamjambo wenzangu. Ninafanya kazi katika idara ya mipango ya kaunti moja inayopakana na Nairobi, na nimekabidhiwa modeli ya kutabiri mahitaji ya usafiri ambayo mwaka wake wa msingi ni 2013. Ni modeli ya hatua nne iliyozoeleka: hukadiria safari zinazotoka katika kila kanda, huzigawa baina ya kanda, huamua nani atakwenda kwa miguu, kwa matatu au kwa gari lake, kisha huzipitisha barabarani. Wiki iliyopita niliingiza idadi ya watu ya sensa ya 2019 na kutazama msongamano wa asubuhi. Kanda moja ambayo wakati ule ilikuwa shamba la kahawa, na ambayo sasa imejaa nyumba za ghorofa za kupangisha, haikutoa hata safari moja ya matatu, ilhali mimi mwenyewe hupanga foleni kwenye steji yake kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Wakubwa wangu wanaamini kwamba dawa ni programu mpya. Fedha tulizo nazo zinatosha ama programu hiyo na mafunzo yake, ama utafiti mdogo wa kaya pamoja na hesabu ya magari. Naomba ushauri.

Mkokotoaji

Sifuri hiyo haikutokana na programu. Inaelekea walioijenga modeli yako waligawa safari kwa njia ya Furness, yaani walichukua jedwali la safari za kutoka kanda hadi kanda na kulizidisha kwa viwango vya ukuaji, wakirudiarudia mpaka jumla za safu mlalo na za safu wima zikapatana. Njia hiyo ni rahisi na hufaa mahali ambapo mji haujabadilika sana, lakini sifuri ukiizidisha kwa chochote inabaki sifuri. Kama mwaka 2013 hakuna aliyekuwa akilala katika shamba hilo, basi hata ulijaze watu 20,000 hawataonekana barabarani. Programu ya bei ghali itakupa sifuri ileile, ila kwa ramani yenye rangi nzuri zaidi.

Kwa kanda mpya tumia modeli ya mvutano, ambayo hugawa safari kwa kutazama ukubwa wa kanda mbili na ugumu wa kusafiri baina yake. Pia igawanye upya kanda hiyo, kwa sababu kanda kubwa ya shamba huwa na kitovu kimoja tu kinachoingiza watu wote barabarani kupitia lango moja.

Mama Takwimu

Nakubaliana na Mkokotoaji, ila kuna jambo kubwa zaidi. Kaunti inayopakana na Nairobi haiwezi kuwa na modeli inayokomea mpakani mwake. Eneo la usafiri la jiji linahesabiwa kuwa na kaunti tano, nazo ni Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na NAMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo hilo, iliundwa mwaka 2017 kwa sababu hiyo hasa. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 4,397,073 Nairobi na 2,417,735 Kiambu. Anayelala kaunti moja na kufanya kazi nyingine si mgeni wa kuwekwa pembeni kama "safari za nje", bali ndiye msafiri wako mkuu. Zungumza na majirani mtumie kanda zinazolingana.

Fedha ziwekeni kwenye utafiti wa kaya, na msiwasahau watembea kwa miguu. Utafiti wa JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, wa 2004 ulikuta kwamba karibu nusu ya safari za Nairobi zilikuwa za miguu, na wakati huo bodaboda walikuwa wachache mno kulinganisha na leo. Dodoso lisipouliza mtu alifikaje steji, bodaboda atapotea kabisa katika modeli. Epukeni Aprili, Agosti na Desemba, shule zinapofungwa. Jambo lingine ni la mlinzi getini: katika utafiti niliousimamia, wahoji walizuiwa kuingia kwenye mitaa yenye ukuta, wakajaza idadi yao katika nyumba za jirani, na wenye magari wakapungua kwenye karatasi bila kupungua barabarani.

Fundi wa Barabara

Mimi nitagusa hatua ya nne tu. Modeli nyingi hukokotoa ucheleweshaji kwa fomula ya Marekani ya 1964, ambayo kwa vigezo vyake vya kawaida husema kwamba barabara iliyojaa hadi uwezo wake huongeza muda wa safari kwa asilimia 15. Mtu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya matatu tatu zinazopakia abiria katikati ya njia atacheka. Pimeni muda halisi kwenye barabara chache, kisha mbadilishe vigezo kwa kila aina ya barabara. Ongezeni pia barabara zisizokuwapo mwaka 2013: Nairobi Expressway, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022, na kwa kuwa ina tozo, modeli lazima ijue nani yuko tayari kulipa ili aokoe muda.

Mpangaji wa Kaunti

Nawashukuru sana. Swali moja limebaki: tukishahesabu magari, tutajuaje kwamba modeli imekubalika?

Mkokotoaji

Waingereza hutumia GEH, kipimo cha tofauti baina ya magari yaliyohesabiwa na yale ya modeli, na hutaka angalau asilimia 85 ya vipande vya barabara viwe chini ya 5. Ukihesabu magari 1,000 kwa saa na modeli ikasema 900, unapata 3.2, umepita, ikisema 800, unapata 6.7, umeanguka. Lakini kabla hujaanza, tenga vituo vichache vya kuhesabia, hasa kwenye madaraja ya mto na vivuko vya reli ambako hakuna njia ya mchepuko, na usivitumie kamwe kurekebisha jedwali la safari. Wengi hurekebisha kwa hesabu zilezile wanazothibitishia, na huo ni mtihani ambao mwanafunzi amejisahihishia mwenyewe. Matokeo ya vituo hivyo ndiyo uwapelekee wakubwa wako watakapouliza tena kuhusu programu.