Meseji za wagombea zinazotuingilia bila ruhusa: tupeane uzoefu

Kitindamimba: Jana saa sita usiku nimeamshwa na meseji ya mtu anayetaka ubunge 2027. Kaniita majina yangu yote matatu, vile yalivyo kwenye kitambulisho. Sijampa namba, wala sipigi kura jimbo lake. Nimekumbuka Agosti 2022, ile wiki ya kuelekea uchaguzi wa tarehe 9, simu ilikuwa haitulii. Nyinyi mlifanyaje?

Nahodha: Wiki hiyo usinikumbushe. Nilizima simu nikakosa na za maana.

Getini Daima: Mimi kila mgombea ananiita Bi Fatuma. Na mimi ni mwanamume.

Mtoto wa Tatu: Sikutaka kuliandika hili lakini limenirudia. Mamangu alifariki mwezi wa saba 2022. Laini yake nilibaki nayo mimi, maana watu walikuwa wakituma mchango wa mazishi kwa M-Pesa yake. Siku tunazika, kaburi limeshafukiwa, watu wako kwenye foleni ya chakula, simu ikalia. Nikadhani ni mchango. Ilikuwa ya mgombea: Mama fulani, tunakutegemea, kituo chako ni shule ya msingi fulani, amka mapema. Jina lake kamili. Na kituo ni kilekile alichokuwa akinipeleka nikiwa mdogo, nimsubiri chini ya mti akipiga kura. Dada yangu akaninyang'anya simu akidhani kuna msiba mwingine. Aliposoma, akaketi palepale kwenye udongo, na kitenge chake cheupe. Ziliendelea kuingia hadi siku ya kura. Nilijaribu kujibu kwamba mwenye laini ameshafariki, ikagoma kwenda. Aliyetuma ni jina tu, hana namba.

Nahodha: Makiwa ndugu yangu.

Bibi wa Shamba: Pole sana mwanangu. Mungu amrehemu.

Fundi Mnara: Pole. Hizo za jina bila namba ni za njia moja, hazijibiki. Walio Safaricom wapige *456*9*5# wazuie matangazo.

Kitindamimba: Nilipiga. Za bahati nasibu zilikoma, za wagombea zikabaki.

Fundi Mnara: Basi hukuchagua kuzuia zote.

Kitindamimba: Nilichagua zote. Usinifundishe simu yangu.

Karani wa Zamani: Niseme ukweli, pengine utasaidia. 2017 nilipata kibarua cha kuingiza namba kwenye kompyuta. Tuliletewa madaftari ya wageni ya walinzi wa majengo, orodha za harambee, hata za vikao vya matanga. Tulilipwa kwa ukurasa. Sikujua ni makosa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja 2019.

Bibi wa Shamba: Orodha za matanga! Watu wanaandika majina wamfariji mfiwa, wewe unayauza?

Karani wa Zamani: Sikuuza mama, niliandika tu.

Bibi wa Shamba: Sheria kutokuwepo hakukufanya namba yangu iwe yako.

Nahodha: Mwacheni, angalau amesema. Walionunua wamenyamaza.

Wakili Mdogo: Tusikwame hapo. Juni 2021 Wakenya waliingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, wakajikuta wanachama wa vyama wasivyovijua. Nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo kagueni na huko, msiishie kwenye meseji. Halafu kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data: unajaza fomu ya malalamiko mtandaoni, na sheria inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90.

Fundi Mnara: Siku 90 na kampeni imeshaisha?

Wakili Mdogo: Anza mapema. Mbona 2027 wameanza mapema?

Msafiri: Mimi getini naandika namba yangu nikibadilisha tarakimu ya mwisho. Sisumbuliwi.

Getini Daima: Ndugu, usifanye hivyo. Hiyo namba ina mwenyewe. Huenda Bi Fatuma ni mtu kama wewe, na mzigo wake naubeba mimi.

Msafiri: Sikuwahi kuwaza hilo. Naacha leo.

Bibi wa Shamba: Mimi nazisoma zote. Nikisikia kabila linatukanwa nampelekea chifu. Niliyaona ya 2007, meseji za chuki zilitembea kabla ya mapanga. Kwangu hakuna meseji ndogo.

Fundi Mnara: Mtoto wa Tatu, peleka cheti cha kifo kwenye duka la mtandao wenu wafunge laini. Itakwisha.

Mtoto wa Tatu: Sitaki ifungwe. Kuna watu bado wanampigia hawajui, nawapokea mimi. Nataka wamtoe mama kwenye orodha yao, basi.

Wakili Mdogo: Ile meseji ya kwanza unayo bado?

Mtoto wa Tatu: Ninayo.

Wakili Mdogo: Ipige picha leo, tarehe na jina la mtumaji vionekane, kabla simu haijaharibika. Kesho tukae tuijaze fomu pamoja.