Tutapimaje uaminifu wa mwalimu kwa programu ya kusoma?

Afisa wa mtaala, Kilifi
Wenzangu, nawasalimu. Tangu Tusome, programu ya kufundisha kusoma, ilipoenezwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya mwaka 2015, sisi maafisa wa mtaala tumekuwa tukiingia madarasani na vishikwambi, tukipima kama mwalimu anaufuata mwongozo kwa uaminifu na kutia alama kila hatua: je, ametamka sauti ya herufi mwenyewe, akaitamka pamoja na wanafunzi, kisha akawaachia waitamke peke yao? Juzi nilimtazama mwalimu wa Gredi ya Pili aliyetimiza yote, mwongozo mkononi, ilhali mvulana wa dawati la nyuma alikuwa akisoma hadithi kwa ghibu, kitabu chake kikiwa kimefunguliwa ukurasa mwingine. Alama zilikuwa za juu. Je, nilimpima kwa haki?

Mwalimu mstaafu, Mombasa
Ulimpima kwa haki, mwanangu, ila ulipima hatua tu. Ndiyo maana utaratibu wa Tusome ulimtaka afisa awasikilize wanafunzi watatu wakisoma baada ya kipindi. Wachague wewe mwenyewe kutoka kwenye rejista, kwa maana nimeona mara nyingi wasomaji hodari wakihamishiwa mbele siku ya mgeni.

Mthibiti ubora wa shule, Tanga
Nakubaliana na Mwalimu. Huku kwetu Tanzania, ambako mtaala wa Darasa la I na la II umejikita katika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tangu mwaka 2015, linalonisumbua zaidi ni alama ya "hapana" ambayo fomu humpa mwalimu asiyefuata hatua. Mwalimu anayeacha mfano wa kitabuni akafafanua neno kwa Kidigo, lugha ya nyumbani ya watoto, amelitumikia lengo. Anayeruka zoezi la kila mtoto kusoma, kwa sababu darasa lina watoto wengi mno, ameondoa kiini chenyewe, hata kama hana kosa. Fomu huwaandika wote wawili sawasawa. Mimi huandika pembeni kilichobadilishwa na sababu yake, kisha hufungua madaftari, kwani kipindi kimoja huweza kuandaliwa kwa ajili ya mgeni, lakini masahihisho ya muhula mzima hayaandaliwi kwa usiku mmoja.

Afisa wa mtaala, Kilifi
Ahsanteni sana. Nimerudi leo, nikampa yule mvulana ukurasa asiouzoea. Alisoma "ngoma" vizuri, akakwama kwenye "ng'ombe". Mwalimu wake, aliyekuwa amesimama kando akisikiliza, ameniomba Alhamisi tuifundishe pamoja sauti hiyo, na nimemwahidi kwamba siku hiyo kishikwambi kitabaki mkobani.