Mdogo wangu humkumbatia kila mtu: tumfundishe vipi kusalimu?

Dada wa Kadutu
Nawasalimu wazazi na ndugu. Mdogo wangu ana miaka 19 na alizaliwa na trisomia 21, yaani ugonjwa wa Down. Tukienda soko la Kadutu, hapa Bukavu, humkumbatia yeyote anayekutana naye, awe muuza samaki wa sambaza au polisi. Alipokuwa mdogo watu walicheka na kumpa pipi. Sasa ana ndevu, na Jumamosi iliyopita mama mmoja muuza mboga alimsukuma hata akaangukia mafungu yake ya lengalenga. Tangu siku hiyo hataki kutoka, na akisikia hatua za mtu nje hufunga mlango. Sitaki aache kupenda watu, lakini naogopa atapigwa. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Ibanda
Pole sana, dada. Mdogo wako hakubadilika. Sisi ndio tuliobadilisha masharti bila kumwambia. Wengi wenye trisomia 21 hushika haraka kinachoonekana kwa macho kuliko maelezo marefu, kwa hiyo mchoree sakafuni kwa chaki miduara mitatu: wa ndani ni wa watu wa nyumbani, ambao hukumbatiwa, wa katikati ni wa majirani na wenzenu wa shirika la parokia, ambao hupewa mkono, wa nje ni wa wageni, ambao huambiwa "jambo" tu. Fanyeni mazoezi kila siku, dakika chache, kwa maneno yale yale. Nyumba nzima ifuate, kwa sababu mjomba mmoja akiendelea kumchochea akumbatie wageni ili watu wacheke, kazi yote inaharibika. Jambo hili linamlinda yeye pia: aliyezoeshwa kuguswa na kila mtu hushindwa kumkataa anayemgusa vibaya.

Mama wa Nguba
Mwanangu, nakubaliana na mwalimu, ila huko kujifungia kusichukuliwe kuwa aibu tu. Watu wenye trisomia 21 mara nyingi hupata matatizo ya masikio na ya tezi ya shingo (thairoidi), na tezi hiyo ikifanya kazi kwa ulegevu mtu husinzia, huzubaa na kukwepa wenzake. Kukiendelea, apimwe damu na masikio. Binti yangu tulimwombea miezi mingi tukidhani ana ukaidi, kumbe masikio yalikuwa yamezibwa na nta. Tena msimfiche. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu nchini mwetu Kongo, lakini pale sokoni atalindwa kwanza na wauzaji wanaomjua kwa jina.

Dada wa Kadutu
Asanteni sana. Jana tulichora miduara, naye akatuweka sote ndani, pamoja na mbuzi wetu. Kisha akaniuliza mama wa lengalenga asimame wapi. Nimeamua kwenda kwake kesho peke yangu, nimweleze na kumwomba radhi kwa mboga zilizoharibika, ili Jumamosi akubali kupokea mkono wa mdogo wangu.